Nyuki wa Mwika Wale Nini Kiangazi?

Msikilizaji, kahawa ikichanua Mwika, kihamba kizima, shamba letu la nyumbani, hunukia. Siku chache tu, maua chini. Nyuki waliohudumia mibuni ile watakula nini miezi iliyobaki? Hilo hatujiulizi. Tunafyeka mpaka kingo za mfongo, mfereji wetu wa maji, tunang'oa kila kisicho mgomba wala mbuni, kisha tunashuka Moshi mjini kununua maua ya kopo ya kupamba baraza.

Na hao nyuki wanatulipa. Utafiti wa kwenye miteremko hii hii ya Kilimanjaro, uliochapishwa 2014, ulikuta kwamba matunda ya kahawa yaliyotembelewa na wachavushaji yalikuwa mazito zaidi kwa takriban asilimia 7. Kahawa huuzwa kwa kilo, jamani!

Ili wasikose chakula kahawa ikimaliza kuchanua, mimi leo napigia debe marejea. Ni mmea wa asili ya Afrika, jamii ya kunde, maua yake ya njano. Padre Gerold Rupper wa Peramiho aliuhimiza sana miaka ya 1980, si kwa ajili ya nyuki bali kama mbolea, maana mizizi yake huurudishia udongo naitrojeni. Ukishashika, huvumilia ukame. Kivuli ndicho haukipendi: chini ya migomba utadumaa. Uoteshe pembeni penye jua, au shamba la chini kule kuelekea Himo.

Ukichanua, usimame uutazame. Yule nyuki mweusi mkubwa anayetoboa mbao za paa akitua, uzito wake hulibonyeza ua, chavua ikachomoza nchani na kumpaka tumboni. Nyuki wa asali nao hawakosi.

Vipepeo wana mambo yao. Wale wa rangi ya chungwa wenye ncha nyeusi za mabawa, madume hasa, huufuata mmea ukiwa umenyauka. Hukwaruza majani makavu na kufyonza kemikali chungu, wakaitumia kutengeneza harufu ya kuwavutia majike. Kwa hiyo jirani akikuita mvivu kwa kuacha mabua yamesimama, mwache aseme.

Ila kuna jambo moja: mbegu za marejea zina sumu kwa mifugo. Huku ng'ombe wanafugwa bandani na majani tunawakatia, basi anayekwenda kukata aonyeshwe mapema maganda yake, ambayo yakikauka hulia kama kayamba, yasije yakaingia kwenye mzigo.