Askari Aliyeachwa Aliwe

Huku kwetu Garsen na vijiji vya Mto Tana wengi twajua bao na drafti. Leo tutazame sataranji, maana iko namna moja ya kuuanza mchezo huo ambayo yatuhusu.

Mwaka 1960, katika mashindano ya Mar del Plata, Argentina, Boris Spassky wa Urusi ya Kisovieti alikutana na Bobby Fischer wa Marekani, kijana wa miaka 17. Katika hatua ya pili tu Spassky alisogeza askari mahali pa kuliwa bure. Fischer akamla. Kwa kumtoa huyo, Spassky alifungua njia ya vikosi vyake; lakini mfalme wake naye akabaki bila ukuta. Ni mwanzo mkali. Baada ya hatua 29 Fischer akakubali kushindwa, na kwa uchungu akaandika makala mwaka 1961 kudai kwamba mwanzo ule haufai kitu!

Mwenye shamba kando ya mto ajua uchungu wa kutoa kwanza. Malka ikipita katikati ya mahindi yake, ng'ombe hushuka kunywa, naye hukosa mistari kadhaa. Akiifunga, atavuna zaidi mwaka huo. Mfugaji naye huombwa awazuie ng'ombe wenye kiu hata mpunga uvunwe, na wakati wa kiangazi hilo si dogo. Mwaka 2012 tuliona Riketa na Kilelengwani. Sababu zilikuwa nyingi, siasa nazo zilikuwamo, lakini maji na ardhi vilikuwa katikati. Kabla ya mwaka kwisha watu zaidi ya 100 walikuwa wameuawa.

Mwanzo sura ya 13 yasimulia wachungaji wa Abramu na wa Lutu wakigombana. Abramu ndiye mkubwa, haki ya kuchagua ni yake. Akamwachia kijana, na Lutu akajichukulia bonde la Yordani lenye maji tele.

Hapa ndipo Abramu anapoachana na Spassky. Askari wa Spassky alikuwa chambo. Abramu hakumtegea Lutu mtego wowote. Na Lutu alipotekwa na wafalme, Abramu yuyo huyo aliondoka na watu 318 kwenda kumrudisha.

Tuombe. Ee Bwana, mvua ikichelewa na mifugo ikishuka mtoni, utuonyeshe ni nani kati yetu aanze kutoa. Amina.