Dawa yenye uhai hailali kwenye mabati

Maneno ya mwanachama wetu mbele ya mkutano, Muhumba, Bukavu



Tangu turudi, shamba njo linatushikilia. Kamati imeleta shauri: tutoe makuta ya kapu, tununue dawa ya kuvu ya kuua wadudu, tuwauzie wanachama wa Kabare, Walungu na bonde la Ruzizi kwa bei nafuu. Mimi ninaunga mkono shauri hilo, lakini si leo. Mnivumilie kidogo nieleze.

Mwaka 1973, mdudu mweupe kama unga alionekana kwenye mihogo upande wa Kinshasa na Brazzaville. Alitoka Amerika ya Kusini, adui zake wakabaki kule. Sombe ikajikunja, mihogo ikakonda, naye akasambaa Afrika. Watafiti wa IITA, kule Ibadan, Nijeria, wakiongozwa na Hans Herren, wakamtafutia adui wake. Mwaka 1981 alipatikana Paraguay nyigu mdogo sana, anayetaga yai ndani ya mdudu yule. Mtoto wa nyigu anamkula kutoka ndani. Mwaka huo huo akaachiliwa Nijeria, kisha nchi nyingine nyingi. Akazaana, akaruka, akaenda mwenyewe. Mkulima hakulipa hata franga moja.

Sasa wengi wananiuliza: kama ile ilikuwa ya bure, mbona hii tunauziwa? Juu si kitu kimoja. Nyigu ukimwachilia anajizalisha, kwa hiyo hakuna mfanyabiashara atakayekuuzia mara mbili. Lakini kuvu inapulizwa, na mara nyingi itabidi urudie. Mbegu zake zinashika ngozi ya mdudu, zinaota, zinaingia, naye anakufa baada ya siku kadhaa. Kule Kenya, kituo cha ICIPE kilichunguza kuvu ya namna hiyo, na kampuni ya Real IPM ikaitengeneza kwa kuuza. Kazi ngumu ni kuifikisha kwa mkulima ikiwa bado hai.

Hapo njo nilianguka. Nilinunua pakiti kwa muuzaji mmoja, nikaziweka wiki tatu ndani ya depo ya mabati kule Ruzizi. Mnajua joto la kule. Kisha nikapuliza saa sita mchana, jua kali, nayo jua inauaka mbegu za kuvu. Wadudu wakaendelea kula kama hakuna kitu. Na nilikuwa nimewauzia majirani wanne. Mama mmoja alikopa ili anunue. Nilimrudishia makuta yake; msimu wake sikuweza kumrudishia.

Kwa hiyo ninaomba mambo matatu kabla kapu halijafunguliwa. Moja, frigo ya nguvu ya jua na mtu wa kuandika tarehe ya kila pakiti. Wafadhili, tukisema ukweli, frigo itatusaidia kuliko pakiti mia. Mbili, tujaribu msimu mmoja kwenye shamba la chama: kipande kimoja tupulize jioni, kingine tukiache, kisha tupime mavuno mbele ya wote. Tatu, pakiti isiyoandikishwa na serikali isiingie kwetu, hata ikiwa ya bei ya chini.

Tukiona inafanya kazi, tutauza bila haya. Jirani akipoteza msimu kwa mkono wetu, hata dawa nzuri hatainunua tena.