Picha ya Zamani Isitupwe
(Mazungumzo kwa kamati za sharika, Ngerengere)



Leo tunazungumzia watoto wenye vichwa vikubwa ambao tayari wamewekewa mpira. Tulidhani mtoto akishapasuliwa Muhimbili, kazi imekwisha. Sivyo. Mpira ule hupita chini ya ngozi kutoka kichwani hadi tumboni, na unaweza kuziba hata baada ya miaka.

Ndani ya ubongo mna vyumba vya maji, na daktari huvipima upana: kwa mtoto mchanga hutumia ultrasaundi kupitia utosini, utosi ukishafunga, picha ya sitiskani. Lakini kipimo kimoja hakisemi mengi. Wako watoto ambao vyumba hubaki vipana na mpira unafanya kazi vizuri. Wengine mpira umeziba na vyumba havijatanuka. Daktari anataka kujua vilikuwaje mtoto huyu huyu alipokuwa mzima.

Mama mmoja wa hapa kwetu alisafiri na mwanawe akitapika na kusinzia. Picha ya kwanza ilikuwa nyumbani, imeziba tundu la dirisha. Ikabidi mtoto alazwe, picha irudiwe baada ya siku mbili, ndipo ikaonekana vyumba vinatanuka. Mpira ukabadilishwa, mtoto yupo. Mama hatumlaumu, kwani nani alimwambia aitunze? Sisi tuliolipia nauli na matibabu hatukununua hata bahasha.

Wafadhili hutuuliza vyumba vimepungua kiasi gani. Ni swali la haki, ila matokeo ya utafiti wa hospitali ya CURE, Mbale, Uganda, yaliyotolewa mwaka 2017, yanatufundisha. Watoto wachanga 100 waligawanywa: wengine mpira, wengine upasuaji wa kutoboa njia ya maji bila mpira, ambao kwa kawaida haupunguzi vyumba sana. Baada ya miezi 12 ukubwa wa ubongo na maendeleo ya akili havikutofautiana kwa maana. Kwa hiyo katika taarifa zetu tutaandika pia kama mtoto anakaa, anatamka, anacheza.

Kila kamati inunue bahasha ngumu, iandike tarehe ya kila picha au sidii, na ikae kwa mama. Mtoto akitapika, akilala kupita kiasi, utosi ukivimba au macho yakielekea chini, aondoke siku hiyo hiyo. Msisubiri kikao.