Mtoto Akifa kwa Kipigo, Rufaa Huangalia Nini?

Wakazi wa Terrat, jijini Arusha, wakisikia kwamba mtu aliyetiwa hatiani kwa kumpiga mtoto hadi kufa amekata rufaa, wengi huuliza: kesi si ilikwisha?

Haijaisha. Aliyehukumiwa na Mahakama Kuu ana siku 30 za kutoa taarifa ya rufaa, kisha majaji watatu wa Mahakama ya Rufani huupitia ushahidi upya. Mzigo wa kuthibitisha kosa, pasipo kuacha shaka yenye mashiko, hauhami kutoka kwa Jamhuri, yaani upande wa mashtaka.

Kipigo cha nyumbani mara nyingi hakina shahidi wa macho. Hapo ripoti ya daktari aliyeuchunguza mwili hubeba uzito: kovu lililokauka kando ya jeraha bichi, ubavu uliovunjika ukaanza kuunga. Lakini ushahidi wa namna hiyo, uitwao wa mazingira, kwa msimamo wa Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki wa mwaka 1958, lazima usiache maelezo mengine isipokuwa hatia ya mshtakiwa.

Je, alikusudia kuua?

Katika rufaa ya jinai namba 150 ya mwaka 1994, majaji wa Mahakama ya Rufani ya Tanzania walitaja vipimo: silaha, nguvu iliyotumika, sehemu iliyopigwa, idadi ya mapigo, maneno na mwenendo wa mpigaji. Kusudio lisipothibitika, kosa la mauaji, ambalo adhabu yake ni kunyongwa, hushuka kuwa kuua bila kukusudia, na kifungo chake chaweza kufika maisha.

Kabla mambo hayajafika huko, jirani anayesikia kilio cha mtoto kila usiku apige 116, simu ya bure, au amwone mwenyekiti wa mtaa mapema.