Siri za Mkata Bima Ziibwapo: Njia Tatu za Kudai Haki



Mtu akataye bima hutoa fedha, na pamoja na fedha hutoa siri zake. Katika fomu huandika tarehe ya kuzaliwa, mahali akaapo, namba ya kitambulisho, na mara nyingi maradhi aliyowahi kuugua. Fedha zikiibwa katika kasha la kampuni, hasara ni ya kampuni. Siri zikiibwa, hasara humfuata mwenyewe nyumbani. Mwizi aweza kukopa kwa jina lake, na tarehe ya kuzaliwa haibadilishwi kama kufuli.

Jambo hilo liliwapata watu wengi huko Marekani. Tarehe 4 Februari, 2015, kampuni ya bima ya afya iitwayo Anthem ilitangaza kwamba wezi wameingia katika kompyuta zake. Taarifa za watu wapatao milioni 79 zilichukuliwa, wakiwamo waliokwisha kuacha bima ya kampuni hiyo. Zilikuwamo namba za hifadhi ya jamii, ambazo nchini humo hutumika kumtambulisha mtu benki na kazini. Mlango wa wizi ulikuwa barua pepe moja ya hila, iliyofunguliwa na mtumishi wa kampuni tanzu.

Watu hao walikuwa na njia tatu mbele ya sheria, na yafaa kila moja ipimwe kwa matunda yake.

Njia ya kwanza ni kulalamika serikalini. Oktoba 2018 kampuni ilikubali kuilipa Wizara ya Afya ya Marekani dola milioni 16, na mwaka 2020 ikakubali kuyalipa majimbo zaidi ya 40 dola milioni 39.5. Malipo ya namna hii huonya kampuni nyingine na kulazimisha marekebisho, lakini huingia katika hazina ya umma. Hayamrudishii mwananchi kile alichopoteza.

Njia ya pili ni kufungua shauri peke yake. Hapa mdai hana budi kuthibitisha hasara aliyoipata, na kwamba imetokana na wizi huo, si mwingine. Ni mzigo mzito, na gharama za wakili zaweza kupita fidia yenyewe.

Njia ya tatu ni shauri la pamoja, ambamo wachache husimama mahakamani kwa niaba ya wote. Mashauri zaidi ya 100 dhidi ya Anthem yaliunganishwa mbele ya mahakama moja huko California. Mwaka 2017 yalifikiwa mapatano ya dola milioni 115, nayo mahakama ikayaidhinisha Agosti 2018. Kampuni haikukiri kosa. Fedha hizo zikigawanywa kwa watu wote, hazifiki dola mbili kwa kila mmoja, hata kabla ya kuwalipa mawakili. Kwa sababu hiyo sehemu yake ilitumika kulipia ulinzi wa majina ya wadai dhidi ya mikopo ya hila. Dola milioni 15 zilitengwa kwa waliotumia fedha zao kujiokoa, nao walitakiwa kuonyesha hati na kudai kabla ya tarehe iliyowekwa. Aliyetupa stakabadhi zake alijinyima haki yake.

Katika Afrika Mashariki nako sheria zimekwisha kutungwa. Nchini Kenya, Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inampa mlalamikaji haki ya kwenda kwa Kamishna wa Data, ambaye hutakiwa kumaliza uchunguzi katika siku 90. Fidia yaweza kudaiwa kwa hasara ya fedha na hata kwa fadhaa. Nchini Tanzania, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei, 2023, na malalamiko hupelekwa kwa Tume iliyoundwa na sheria hiyo.

Kwa hiyo mwanachama apatapo habari ya wizi wa namna hii, mambo manne yampasa:

1. Aihifadhi barua au ujumbe wa kampuni, pamoja na tarehe alioupokea.
2. Aiarifu benki yake na kampuni ya simu, na kubadili namba za siri.
3. Aiandikie kampuni kuuliza ni taarifa zipi zimechukuliwa, na kubaki na nakala.
4. Atunze kila stakabadhi, kisha apeleke malalamiko bila kukawia.

Katibu naye asisahau kwamba daftari la wanachama ni amana ya namna ile ile. Chama kitunzacho majina, namba za simu na akaunti za benki chaweza kudaiwa kama kampuni ya bima idaiwavyo. Kabati lifungwe, na kompyuta isiachwe wazi kwa kila apitaye.

Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Madai madogo ya mtu mmoja yaweza kupuuzwa. Yakikusanywa na chama, pamoja na ushahidi wake, yatasikilizwa.