Kuchangia Ukarabati wa Nyumba za Sanaa: Kutoka Forodhani hadi Kinole

(Matini ya mazungumzo kwa watumishi wa Serikali na wananchi)



Tarehe 25 Desemba, 2020, sehemu kubwa ya Beit al-Ajaib pale Forodhani iliporomoka, na mafundi wawili waliokuwa kazini wakapoteza maisha. Jengo hilo lilijengwa mwaka 1883 katika zama za Sayyid Barghash, na siku lilipoanguka lilikuwa limo katika ukarabati uliogharamiwa na Serikali ya Oman. Inafaa ikumbukwe kuwa miaka minane kabla, mwaka 2012, kipande cha jengo hilo hilo kilikuwa kimeshaanguka. Dalili zilitangulia, fedha zikaja baadaye, na baina ya mawili hayo jengo halikusubiri.

Wazee walisema kuwa usipoziba ufa utajenga ukuta. Usemi huo kila mtu anaujua. Lisilojulikana vyema ni nani mwenye kuuziba ufa, na kwa fedha za nani.

Jibu mojawapo ni ruzuku ya kuchangiana, ambapo mfuko wa umma hutoa shilingi moja kwa kila shilingi inayotolewa na wenye jengo. Katika jimbo la Massachusetts, nchini Marekani, mfuko wa majengo ya utamaduni ulioanzishwa mwaka 2006 hufuata utaratibu wa namna hiyo. Kwa Tanzania utaratibu huo si mgeni. Kwa miaka mingi wananchi wamekuwa wakipandisha boma la darasa au zahanati kwa nguvu zao, na Serikali ikamalizia kwa mbao na mabati. Aidha, Sheria ya Mfuko wa Kuchochea Maendeleo ya Jimbo ya mwaka 2009 imekusudia kuichochea miradi ambayo wananchi wenyewe wameiibua. Ambalo halijazoeleka ni kuuelekeza utaratibu huo kwenye nyumba za sanaa. Skuli na zahanati hutangulia, na ni haki zitangulie. Lakini ukumbi wa ngoma hukumbukwa siku paa lilipokwisha kuezuliwa na upepo.

Ichukuliwe Kinole kuwa mfano. Kata hiyo ipo katika miteremko ya mashariki ya milima ya Uluguru, mkoani Morogoro. Mkaazi wa Pemba hatajihisi mgeni huko, kwani karafuu na mdalasini huota Uluguru pia. Kinole ndiko penye kiti cha Chifu Kingalu, ambaye jina lake limepewa Soko Kuu la mjini Morogoro. Mvua ni nyingi na ardhi imeinama. Mahali kama hapo, ukumbi au uwanja wa ngoma huwa na maadui wawili: maji yanayopita chini ya msingi, na ngazi zinazomzuia mtu asifike.

Ili ruzuku ya kuchangiana ifae mahali kama hapo, hapana budi mambo matatu yazingatiwe.

Kwanza, mchango usihesabiwe kwa fedha taslimu peke yake. Mkulima anayengoja msimu wa karafuu hana fedha mwezi Aprili, lakini ana mikono, mawe na mchanga. Iwapo ukarabati unakisiwa kugharimu shilingi milioni 4, na kijiji kinatakiwa kutoa nusu, basi siku za kazi na vifaa vilivyobebwa kichwani hadi juu mlimani viandikwe kwa thamani yake, viwe sehemu ya milioni 2 hizo. Ruzuku isiyokubali hivyo huwafikia wenye nacho tu. Hata hivyo, hesabu iandikwe siku ile ile, na isomwe mbele ya mkutano mkuu wa kijiji, ambao kwa kawaida hukutana kila baada ya miezi mitatu. Mali ya umma ni amana, na amana huulizwa.

Pili, dharura isingoje mchango. Paa lililofunguka mwezi Machi halitastahimili masika mpaka kamati ikusanye nusu yake. Fungu la dharura litoke mwanzo, litosheleze kuziba, kuegemeza na kuzuia watu wasiingie mahali pa hatari; mchango wa wananchi ufuate katika ujenzi wa kudumu. Funzo la Forodhani ndilo hilo.

Tatu, njia ya watu wenye ulemavu iingizwe katika ukarabati wenyewe, isiachwe kuwa kazi ya baadaye. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 2006, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2009, unatambua katika Ibara ya 30 haki ya watu wenye ulemavu kushiriki katika maisha ya utamaduni. Kwa fundi, haki hiyo ina vipimo. Kipimo kinachotumika sana ni kwamba kila sentimita 1 ya kupanda huhitaji sentimita 12 za urefu; hivyo ngazi tatu zenye kimo cha sentimita 45 huhitaji mteremko wa mita 5.4, wenye mahali pa kushika na sakafu isiyoteleza. Saruji ya kazi hiyo si nyingi fundi akiwa tayari yupo. Katika Uluguru, ambako mita 5 za ardhi tambarare ni adimu, la busara zaidi ni kuchagua uwanja ulio karibu na barabara tangu mwanzo.

Katika ngoma za Waluguru, mwali anapotolewa hubebwa mabegani, na kubebwa huko ni heshima yake. Mzee asiyeweza kutembea naye hubebwa, akapandishwa ngazi za ukumbi mbele ya wajukuu zake. Lakini hapo hapana heshima yoyote, kwani hakuna aliyemwuliza. Wengi wa namna yake huona bora wabaki nyumbani, wakaisikiliza ngoma kwa mbali, ilhali wao ndio walioifundisha.

Kwa hiyo masheha, wenyeviti wa vijiji na maofisa wa utamaduni wanahimizwa kuzikagua nyumba za sanaa zilizo katika maeneo yao kabla ya masika, kuandika kila ufa na kila ngazi, na kuyafikisha maandishi hayo panapohusika mapema. Mkono mtupu haulambwi. Na mfuko wowote wa kuchangiana humtazama kwanza yule aliyekuja na daftari lake.