Glasi Kubwa Si ya Kujazwa: Mazungumzo na Wahudumu wa Hoteli, Naivasha

Sitawachosha, najua wengine wenu mna zamu jioni hii.

Miaka michache iliyopita nilialikwa chakula cha jioni katika hoteli moja. Mhudumu alinijazia glasi ya mvinyo mwekundu hadi pomoni. Nikafurahi, nikidhani nimependelewa. Kuinyanyua tu, mvinyo ukanimwagikia shati. Baadaye ndipo nilipojua kwamba glasi ile haikutengenezwa ili ijazwe.

Glasi ya mvinyo mwekundu ina tumbo pana na mdomo uliobana kidogo. Ile nafasi inayobaki wazi ina kazi: harufu hukusanyika hapo, na sehemu kubwa ya ladha tunaipata kwa pua. Mimina hadi tumbo linapofika upana wake wote, kisha uache.

Mvinyo mweupe hunywewa ukiwa baridi, kwa hivyo glasi yake ni ndogo zaidi, ili uishe kabla haujapata joto. Mvinyo wa povu hutiwa katika glasi ndefu na nyembamba, isiyopoteza viputo haraka. Port, ambao kileo chake hukaribia asilimia 20, una glasi ndogo kuliko zote. Glasi yoyote yenye mguu, ishike mguuni. Joto la kiganja huharibu ubaridi, na vidole huacha alama.

Je, mkahawa wako hauna uwezo wa kununua aina zote? Nunua moja ya wastani, isiyo na rangi, yenye tumbo pana kuliko mdomo. Itafaa mvinyo mwekundu na mweupe pia.

Sasa tufanye hesabu. Chupa ya kawaida ina mililita 750, yaani glasi tano za mililita 150. Kipimo kimoja cha mvinyo wa asilimia 12 kina kileo kinachokaribia kile cha nusu lita ya bia ya asilimia 4. Ukichukua glasi kubwa ya mililita 450 ukaijaza, umempa mgeni vipimo vitatu, naye anahesabu kimoja. Kisha anachukua funguo za gari na kuingia barabara kuu ya Nairobi kwenda Nakuru, usiku, katikati ya malori. Hapo kosa si lake peke yake.

Kwa hivyo pimeni kabla ya kumimina. Kumbukeni pia kwamba sheria ya vileo ya mwaka 2010 inakataza kumuuzia aliye chini ya miaka 18.

Mgeni akilalamika kwamba umempunja, usibishane naye. Mwonyeshe kipimo na umweleze kwa heshima kwa nini glasi haijazwi. Na akionekana amezidiwa, mwitie teksi.